Simu Ndogo ya Zamani na Amri ya Kumi ya Mungu



Jioni moja, tulipokuwa tukifundishana Amri ya Kumi ya Mungu katika kapela ya kijiji chetu, kijana mmoja aliinua mkono. Yeye ni mchimbaji. Kila juma huenda pande za Kolwezi kuchimba mawe ya kobalti, na siku ya Jumamosi hurudi kwetu na vumbi katika nywele zake. Akasema: «Mwalimu, watufundisha tusitamani mali ya mwenzetu. Mimi sitamani mali ya mtu. Natamani simu kubwa, mpya, kwa fedha ya jasho langu. Je, hiyo ni dhambi? Nawe mwenyewe, mbona wabeba kasimu kadogo kama ka mtoto, hali sisi ndio tunaochimba mawe yake?» Watu wote wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Lakini jibu sikuwa nalo. Nikamwambia kwamba tutalisema neno hilo juma lijalo, na majuma matatu yakapita. Haya niandikayo ndiyo niliyomjibu mwishowe, pamoja na mengine niliyoyafikiri baadaye njiani.

Yafaa kwanza niwaeleze simu yenyewe. Jina lake ni iPhone SE. Kampuni ya Apple ya Marekani iliitoa mwezi wa Machi mwaka 2016, ikaacha kuiuza mwaka 2018. Uzito wake ni gramu 113 tu, urefu wake haufiki sentimeta 13, na kioo chake ni cha inchi 4. Siku zile kampuni nyingi zilikuwa zimekwisha kuanza kutengeneza simu kubwa. Hii ilifanywa ndogo kwa ajili ya watu wasiopenda kubeba kibao mfukoni. Mimi nilipewa na padri mmoja mwaka 2020, alipohamishwa kwenda misioni nyingine. Hivyo ilinifikia ikiwa na miaka yake tayari, kama suruali ya kaka inavyomfikia mdogo wake.

Nayo yanitumikia. Hukaa katika mfuko wa shati. Kidole gumba kimoja chafika pembe zote za kioo, hata mkono wa pili ukiwa umeshika baiskeli. Asubuhi nasoma ndani yake masomo ya Misa, nikizikuza herufi, kwa maana macho yangu nayo ni ya zamani. Siku za Jumapili nawawekea wazee wasiojua kusoma sauti ya Rozari. Picha zake ni safi. Lakini tuseme kweli yote. Ghala yake ya ndani ni ndogo, gigabaiti 16 tu, nayo hujaa upesi. Ili nipokee picha za arusi mpya sharti nifute za arusi ya zamani. Na mara moja nilifuta picha ya ubatizo, ambayo mama wa mtoto alikuja kuniomba siku mbili baadaye. Sikupata la kumwambia. Tena programu nyingine za siku hizi zakataa kabisa kuingia ndani yake. Na betri, iliyokuwa ndogo hata katika upya wake, ilipozeeka ilizimika kabla ya sala ya jioni.

Kwa miaka kadhaa niliionea aibu. Katika mkutano wa makatekista huko misioni wenzangu waliweka simu zao kubwa juu ya meza, nami niliiacha yangu mfukoni hata ilipolia. Nikaanza kuweka akiba. Nilifikisha dola 120 ndani ya kopo, nikilenga simu mpya yenye kioo kipana. Nisingeweza kusema mbele ya Mungu kwamba ile ya zamani ilinishinda kwa kazi fulani. Kazi zangu zote ilizifanya. Nilichotaka ni kitu cha kuweka juu ya meza.

Basi hapo ndipo lilipo swali la yule kijana. Mungu hakutukataza kutamani kila kitu. Mwenye njaa hutamani bukari bila dhambi, na mama humtamania mtoto wake nguo ya Pasaka bila dhambi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba ni halali mtu awe na mali yake mwenyewe. Ila katika kuitumia asiihesabu kuwa yake peke yake, bali awe tayari kuwapa wenye shida. Kwa hiyo sikumwambia kijana kwamba simu mpya ni dhambi. Nilimwuliza: «Simu uliyo nayo imekushinda kwa kazi gani?» Akafikiri kidogo, akasema: «Kazi hakuna, Mwalimu. Lakini wenzangu shimoni wananicheka.» Nikamwambia: «Mwanangu, wewe nami twaugua ugonjwa mmoja.»

Kwa maana tamaa ya chakula ina kipimo chake, nacho ni tumbo. Tamaa ya kuonekana haina kipimo, kwa sababu kipimo chake ki machoni pa watu wengine, na macho hayo hayashibi. Kila mwaka kampuni kubwa hutoa simu mpya, na ile iliyosifiwa mwaka jana yaanza kuona haya. Kumbukeni mana ya Waisraeli kule jangwani. Kila mmoja aliruhusiwa kuokota ya kutosha siku moja. Waliolimbikiza kwa ajili ya kesho waliikuta asubuhi ina mabuu na uvundo. Mungu hakuwanyima chakula. Aliwafundisha neno moja gumu, neno «yatosha», nao walikuwa wametoka utumwani Misri, ambako hakuna aliyewauliza kama wametosheka.

Hata hapa kijana alikubali. Lakini mimi nilitaka twende mbele kidogo, kwa sababu simu si kama kofia au mkufu. Ninyi wa nchi hii mwajua imetoka wapi. Karibu sehemu 7 katika 10 za kobalti yote inayochimbwa duniani yatoka katika Kongo yetu, zaidi katika Lualaba na Katanga ya Juu. Mwaka 2014 watu wa mtaa wa Kasulo, huko Kolwezi, walianza kuchimba ndani ya viwanja vya nyumba zao wenyewe, wakishuka chini ya sakafu walizolalia. Mawe hupandishwa kwa kamba, hutiwa katika mifuko, huoshwa, huuzwa kwa wanunuzi. Kisha husagwa na kusafishwa, hupakiwa katika magari makubwa hadi bandari za mbali kama Dar es Salaam na Durban, na sehemu kubwa yaenda China. Huko hufanywa unga wa betri. Koltani nayo yachimbwa upande wa Kivu, pande za Masisi, na ndani yake hutolewa tantali, madini yanayowekwa katika vijidude vidogo vya kushika umeme ndani ya simu. Mwezi wa Januari mwaka 2016 shirika la Amnesty International, pamoja na shirika la Kikongo Afrewatch, lilitoa taarifa juu ya watoto wanaookota na kuosha mawe ya kobalti kwetu. Miezi miwili baadaye ikatoka simu hii niliyo nayo. Sisemi kwamba jiwe la mtoto fulani limo ndani yake. Hakuna awezaye kujua. Ndiyo sababu yenyewe ya kuishika kwa heshima: siwezi kuapa kwamba halimo.

Mtu akitoa jasho lake shimoni, jasho hilo halipotei. Laingia katika kitu, lakaa humo, lasafiri nacho. Anayekitupa kitu hicho kingali kikifanya kazi atupa pia siku za maisha ya mtu asiyemjua. Labda alikinunua kwa haki, na risiti anayo. Lakini risiti haikuandika jina la mchimbaji. Basili Mkuu, askofu wa Kaisaria aliyekufa mwaka 379, aliwafundisha Wakristu wake kwamba nguo iliyofungiwa sandukuni bila kuvaliwa ni ya yule asiye na nguo, na viatu vinavyooza nyumbani ni vya yule aendaye miguu mitupu. Je, leo angesema nini juu ya meza za watu wa Ulaya na Marekani, ambamo simu za zamani zalala katika visanduku hali zingali nzima? Mwaka 2022 takataka za vyombo vya umeme duniani zilifika tani milioni 62, na hata robo yake haikukusanywa kwa utaratibu ulio wazi. Papa Fransisko aliandika juu ya desturi hiyo ya kutupatupa katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, akiionyesha kuwa desturi ileile huwatupa na watu.

Nasi Wakongo tumepewa mfano wetu. Mwenye heri Floribert Bwana Chui wa Goma alikuwa mtumishi katika kazi ya ukaguzi wa bidhaa mpakani. Alikataa rushwa ya watu waliotaka kupitisha chakula kilichoharibika, akauawa mwaka 2007. Kanisa lilimtangaza mwenye heri tarehe 15 Juni 2025. Watu ambao wangekula chakula kile hakuwaona kamwe. Aliwafikiri tu, na kwake ikatosha. Yeye alimtazama mlaji aliye mwisho wa njia ya biashara; mwenye simu apaswa kumtazama mchimbaji aliye mwanzo wake.

Hapo yule kijana akanikatiza, na ninakiri kwamba neno lake lilikuwa zito kuliko yangu yote. Akasema: «Mwalimu, kama watu wote wa mataifa wakishika simu zao miaka kumi, mawe yangu atanunua nani? Wewe wawahurumia wachimbaji kwa kuwanyima kazi?» Wachimbaji wengine walikuwapo, nao hawakucheka safari hii. Mke wa mmoja alikuwa karibu kujifungua.

Nilimjibu hivi, wala sidhani kwamba nililimaliza neno. Kwanza, simu moja ina gramu chache tu za kobalti. Siku hizi magari ya umeme ndiyo yanayoimeza kwa wingi. Simu yangu mimi haipandishi bei wala haishushi. Pili, kuchimba zaidi hakukuwaletea wachimbaji mkate zaidi. Ninyi wenyewe mlikuwa mashahidi: kobalti ilichimbwa kwa wingi mno katika miaka ya 2023 na 2024, hata bei ikaanguka vibaya, na mwezi wa Februari mwaka 2025 Serikali ikasimamisha kabisa kuipeleka nje, kisha kuanzia Oktoba ikaruhusu kwa kipimo tu. Mifuko ilikuwa mingi na fedha kidogo. Mshahara wa haki, kama alivyofundisha Papa Leo XIII mwaka 1891, wapaswa kumlisha mfanyakazi na watu wa nyumba yake. Lakini mnunuzi apimaye mfuko kwa mizani ya uongo hafanywi mwenye haki kwa sababu mimi nimenunua simu ya pili. Dhuluma ile yataka dawa nyingine: sheria, vyama vya wachimbaji, mahakimu, na makatekista wasioogopa. Kuishika simu yangu si dawa ya dhuluma ya Kolwezi. Ni kutokuwa sehemu ya wale waionao jasho la Kolwezi kuwa si kitu. Haya ni mambo mawili, na anayeyachanganya hujidanganya.

Kijana akanyamaza. Kisha akasema: «Bado mke wangu atakula nini?» Nikanyamaza mimi.

Tusidhani pia kwamba uchakavu wote ni wa Mungu na wa wakati. Betri ya namna hii huchakaa kila inapojazwa. Zile za simu kama yangu zilitengenezwa ili baada ya kujazwa kabisa mara 500 zibaki na sehemu 80 katika 100 za nguvu yake. Hiyo ni tabia ya kitu, kama kisu kiishavyo kwa kunolewa. Lakini mwezi wa Desemba mwaka 2017 kampuni ya Apple ilikiri kwamba programu zake mpya zilipunguza mwendo wa baadhi ya simu zenye betri zilizochakaa. Kampuni ilisema ilifanya hivyo ili zisizimike ghafula, na yawezekana kuwa ndivyo. Ila wenye simu hawakuelezwa waziwazi, na wengi walidhani simu zao zimekufa, wakanunua nyingine, hali betri mpya ingalitosha. Ikaomba radhi, ikapunguza bei ya betri kutoka dola 79 hadi 29, na mwaka 2020 Serikali ya Ufaransa ikaitoza faini ya euro milioni 25. Tazameni basi: Amri ya Nane nayo imo ndani ya simu. Mtu akificha ukweli mdogo juu ya kitu kizee, wengi waweza kukitupa bila sababu. Tangu mwezi wa Juni mwaka 2025 nchi za Umoja wa Ulaya zawalazimisha watengenezaji wa simu mpya kuweka vipuri kwa miaka 7 baada ya kuacha kuziuza. Sheria hiyo ni ya huko. Lakini simu za huko hufika kwetu zikiwa kuukuu, nasi twaweza kufaidika nayo.

Sasa nijihadhari mimi mwenyewe. Tangu nilipoacha kuona aibu, lilikuja jaribu jingine, baya zaidi. Nilianza kuitoa simu yangu makusudi mbele ya watu, nikingoja waniulize, ili nipate kuwahubiri. Yule Farisayo wa Injili alisimama hekaluni akazihesabu funga zake. Mimi nilizihesabu miaka za simu yangu. Tena si kila mwenye simu ya zamani ana fadhila. Wengi wenu mnayo kwa sababu hamna fedha ya nyingine, wala Kanisa haliwaambii mfurahie ukosefu. Fadhila yahitaji hiari. Na bahili naye hushika kitu cha zamani, ila hakishiki kwa heshima ya mchimbaji. Akishika kwa kupenda sarafu.

Tena kuna wakati ambapo kuiacha ndiyo haki. Muuguzi wa zahanati yetu hutuma picha za vidonda kwa daktari wa hospitali. Kama simu yake yaonyesha kidonda kama ukungu, basi anunue nyingine upesi, na parokia imsaidie. Kadhalika mtu atunzaye fedha au siri za wengine. Simu isiyopata tena marekebisho ya usalama ni kama nyumba yenye kitasa kibovu: kama ni nyumba yako, ni shauri lako, kama umewekewa humo amana za watu, si shauri lako peke yako. Simu yangu ilikuwa bado yapata marekebisho hayo mwaka 2025. Mwezi wa Mei mwaka huo WhatsApp iliziacha simu kadhaa za zamani za Apple, na hii ndogo ikasalia. Siku yake nayo itafika. Sitaifanyia matanga, wala sitajifanya shujaa kwa kuing'ang'ania.

Mke wangu ndiye aliyeuliza neno la kwanza la busara nyumbani: je, betri haiwezi kubadilishwa? Nikaenda mjini kwa fundi. Alifungua simu kwa bisibisi ndogo kama sindano, akatoa betri ya zamani, ambayo ilikuwa imeanza kuvimba, akaweka nyingine kwa dola 15. Sasa yafika hadi sala ya jioni, na masalio yake yatosha kumulika njia ya kurudi. Zile dola 105 zilizobaki sikuzitoa sadaka. Nasema hivyo msije mkanifikiria mema mno. Zililiwa na karo, na bati mbili, na mambo mengine ambayo siyaandiki hapa.

Betri ya zamani nilimwomba fundi anipe. Jumamosi iliyofuata niliichukua kwenye mafundisho, imefungwa katika karatasi, nikampa yule kijana. Aliipokea kwa mikono miwili. Aliipima kiganjani kama wanavyopima jiwe kabla ya kulitia mfukoni, akaigeuza, akaipitisha kwa wenzake, na kila mmoja akaipima vilevile. Mmoja alisema ni nyepesi mno. Mwingine aliuliza shimo lake lilikuwa na kina gani. Kisha kijana akanirudishia, akasema: «Na hii sasa, Mwalimu, yaenda wapi?»

Kijijini kwetu hakuna mahali panapopokea betri za zamani, wala mjini sikuambiwa mahali. Kuitupa mtoni siwezi, kwa kuwa mto ule ndio tunaounywa. Nimeiweka ndani ya kopo lenye mchanga, nje ya nyumba, mbali na moto na watoto. Ni kopo lilelile nililowekea akiba.